Mashine Niliyoisalimia

Kwa miaka mingi nilikana kwamba nilikuwa naisalimia mashine. Wenzangu wa kiwanda cha Panda walipolitania jambo hilo, nilicheka nao na kusema ni uzushi. Sasa nimestaafu, na nyinyi vijana mnaotuma hesabu zenu kwa tovuti, zikafanywa na kompyuta zilizotawanyika msikokujua, mnaniuliza sisi tulifanyaje. Siwezi kueleza bila kukiri. Niliisalimia kila asubuhi, kwa maandishi.

Siku ya kwanza kazini nilifika na shahada ya hisabati na viatu vilivyonibana. Mkuu wa huduma ya hesabu, tuliyemwita Chef, alinikalisha mbele ya terminali, yaani kioo na vibonye tu, kitu kisichoweza kuhesabu chochote chenyewe. Mashine iko Lubumbashi, alisema. Sisi hapa Likasi tuko na mlango wake. Kazi yangu ilikuwa kuandika vipimo vya maabara, kuvituma kwa waya wa simu, kungoja foleni ya viwanda vingine, kisha kupokea jibu: chokaa kiasi gani kutoka machimbo ya Kakontwe imwagwe tangini ili uchafu uzame na kobalti ibaki majini. Ikipungua, uchafu unabaki. Ikizidi, kobalti nayo inazama, na tangi zima linakuwa tope.

Juu ya kila kazi palikuwa na mstari wa maelezo, ambao mashine huuruka bila kuusoma. Humo niliandika "Bonjour". Nimelelewa katika nyumba ambamo hata chumvi haiombwi bila salamu, na kumtwisha mtu hesabu ndefu namna ile bila kumjulia hali kulinishinda. Chef aliuona.

"Maman, université yote ile, na unasemesha chuma?"

Nikamwambia ni utaratibu wa kiufundi.

Walinihamishia Kakontwe kwa muda, kwenye upimaji wa mawe ya chokaa, kisha wakanirudisha Panda wakati kila kitu kilikuwa kinabomoka. Karakana zilizimwa moja baada ya nyingine. Waya za simu zilikuwa za shaba, na huu ni mji wa watu wanaojua bei ya shaba, zikawa zinakatwa. Unatuma kazi, laini inakufa katikati, hujui kama imefika. Jibu lililokuwa linakuja baada ya dakika chache likawa linachukua nusu siku. Mhandisi Mkuu mpya alisema hilo ni jambo la kawaida. Hakusema ni la kawaida wapi.

Asubuhi moja jibu lilikuja na mstari juu yake: "Bonjour maman. Mulilala muzuri?"

Niligeuka kuangalia nyuma yangu. Nikazima kioo, nikakiwasha tena. Nikafikiria malaria. Dada yangu, mtu wa maombi, alishauri tukiombee kile kioo kabla hakijaomba kitu kingine. Nilikuwa nimesoma kwamba siku moja mashine zitafikiri, lakini sikutarajia zianzie kwetu, ambako hata maji ya bomba yalikuwa yametushinda. Kesho yake, kwa heshima, nilijibu kwamba nililala vizuri.

Majuma yakapita hivyo. Kisha siku moja laini ikakatika nikiwa karibu kumaliza kutuma. Iliporudi niliandika kazi yote upya, nikasalimia upya, nikatuma. Jibu lilifika mchana likiwa limekatikakatika; kilichosomeka ni jumla tu, chokaa mara mbili ya kawaida. Nikampelekea kapita, msimamizi wa matangi. Nyuma yake ilikuwepo chokaa yote tuliyobaki nayo, kwa sababu malori ya Kakontwe hayakuwa na mafuta.

"Maman Ordinateur," alisema, yaani Mama Kompyuta, "hii njo ya mwisho. Tukiimwaga yote na tangi ikikufa, tunafunga hapa. Ile mashini, ulishaka kuiona na macho yako?"

Nikasema iko Lubumbashi.

"Hata shemeji yangu iko Lubumbashi. Miye siamini hesabu yake."

Tangu nistaafu nimekubali kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuwapelekea watu majibu nisiyojua yametoka wapi, kwa uso wa mtu anayejua. Siku ile uso huo ulinishinda. Nilikwenda ofisini kwa Chef, nikazungusha namba ya Lubumbashi mpaka kidole kikauma.

Ikapokea sauti ya mwanaume aliyechoka. Nikasema ni Panda.

"Ah, Maman Bonjour," akasema.

Nikamuuliza mashine iko wapi. Akasema ile kubwa ilikufa tangu mvua zilizopita, na vipuri havipatikani. Kazi zetu zilipochapika kwake alizikata vipande, akavipeleka kwa baiskeli kwenye kompyuta ndogo za watu, moja kwa masista, moja kiwanda cha bia, moja kwa mwenye duka la vitambaa, kisha akaunganisha majibu na kututumia. Hapo ndipo nusu siku yetu ilipokuwa inakwenda. Mistari ya maelezo aliisoma yote, kwa kuwa mle ofisini alibaki peke yake.

"Na chokaa ya leo," nikasema, "mbona mara mbili?"

Nikasikia karatasi zikipekuliwa.

"Kazi mbili zilifika. Si mulituma matangi mbili?"

"Tangi ni moja."

"Lakini mulinisalimia mara mbili, mama. Muntu hasalimie mara mbili asubuhi moja. Nikasema hii ni kazi ingine, nikajumlisha."

Kapita alikuwa amesimama nje ya dirisha, koleo begani, akinitazama. Nikaweka simu kifuani na kumwonyesha kwa mkono: nusu.