Mshika Karatasi wa Dada Indu

Wageni wakija nyumbani kwao Girgaon, mtaa wa Bombay, Dattaram alipenda kumtambulisha mkewe hivi: "Huyu ndiye Vasudha wangu. Kazi yake kushika karatasi." Wageni walicheka, na Vasudha naye alicheka, kisha akaenda kuchemsha chai. Miaka kumi na minane alichekwa hivyo, wala hakuna siku aliyojibu.

Na si uongo, karatasi alishika. Ungeingia studio ya kurekodia nyimbo pale Tardeo siku yoyote ungemkuta palepale, mwanamke mfupi wa sari ya pamba, miguu mitupu, amesimama bega kwa bega na Dada Indu mbele ya kipaza sauti, karatasi ya maneno mkononi. Dada Indu ndiye Indumati Barve, na Bombay nzima nani hakumjua? Waigizaji wa kike walikuja na kupita, wanene kwa wembamba, wa kucheza na wa kulia. Wakifungua midomo kwenye sinema, sauti iliyotoka ilikuwa moja, ya Indumati. Wauza samaki waliimba nyimbo zake sokoni, na akina mama wa ukoo bora, ambao walisema sinema ni uhuni, walifungua redio zao taratibu mume akishatoka kwenda kazini.

Sifa yake kubwa ilikuwa pumzi. Alivuta neno mpaka msikilizaji mwenyewe akakosa hewa. Watu walisema anakunywa samli ya moto alfajiri, wengine wakasema alifundishwa na mtawa wa mlimani. Watu nao wana maneno! Dada Indu alikuwa mgonjwa wa pumu.

Vasudha alilijua hilo kwa kosa. Ilikuwa mwaka wa hamsini na nane, wakati huo yeye ni mwitikiaji tu, mmoja wa wasichana kumi waliosimama nyuma na kuimba "aaa" na "ooo". Enzi hizo wimbo ulirekodiwa kwa mkupuo, watu wote chumba kimoja, fidla, filimbi, ngoma na mwimbaji. Mmoja akipiga chafya, wote mnarudi mwanzo. Siku hiyo wimbo ulikuwa wa bibi harusi anayeaga kwao, "Baba, usiufunge mlango leo," na ile "leo" ilitakiwa ivutwe, ivutwe, mpaka fidla zote zimalize kushuka. Walikuwa wameshaharibu mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili, "leo" ikiwa katikati, Vasudha aliona mabega ya Dada Indu yanapanda na hayashuki. Sauti inakatika! Kabla hajajua anafanya nini alikuwa amepiga hatua mbili mbele, akaidaka ile "leo" pale ilipokuwa inaanguka, akaimalizia yeye.

Mwitikiaji kuingia kwenye mstari wa mwimbaji! Hilo halikufanywa. Watu walifukuzwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Wasichana wenzake walimtazama kama maiti anayetembea.

Lakini mtunzi wa muziki alikuwa anapiga makofi. Hakusikia kitu. Hata wapiga fidla hawakusikia. Aliyejua ni Framroz tu, yule mzee Mparsi, fundi wa mitambo ya kurekodia, ambaye masikio yake hayakupitwa na hata nzi, naye alinyamaza, akamtazama Dada Indu.

Dada Indu alimvuta Vasudha hadi chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango. Alikuwa anahema kupitia ncha ya sari.

"Wewe, mtoto wa Girgaon. Umeniibia mkia wa wimbo wangu?"

"Nisamehe, Dada. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba tutaanza tena upya, nawe ungeanguka."

Dada Indu alimkazia macho, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Mjinga wewe. Na umeiba vizuri! Sasa sikiliza. Wakijua kifua changu kibovu, kesho wataita mwingine. Na kule nyumbani watoto sita wa marehemu kaka yangu wanakula kwa kifua hikihiki. Utaendelea kuiba?"

Ndipo karatasi ilipozaliwa. Framroz alitangaza kwamba Dada Indu akishika karatasi mwenyewe inachakacha na kipaza sauti kinanasa ule mchakacho, hivyo lazima apate mtu wa kumshikia, tena asimame karibu. Toka hapo, kila penye neno refu, Dada Indu alianza na Vasudha akamaliza. Dada Indu aligeuza uso pembeni, akavuta hewa kimyakimya, na karatasi ikawaficha. Walifanya mazoezi mchana jikoni kwa Dada Indu, wakikuna nazi, mpaka hata wao wenyewe wakisikiliza sahani ya santuri wakabishana.

"Hapo ni mimi."

"Wewe wapi, Dada! Hapo ni mimi."

"Koma! Sauti yangu siijui?"

Alikuwa na ulimi, Dada Indu. Watunzi walimwogopa. Lakini hakuimba mpaka wasichana wa nyuma wamekula, na siku mwenye filamu mmoja alipoleta chai ya vikombe vizuri kwa wakubwa na glasi zilizopasuka kwa waitikiaji, yeye aliichukua glasi iliyopasuka akainywea palepale mbele yake. Mwenye filamu hakurudia.

Mara moja tu alisema, "Waandike jina lako chini ya langu, Vasu. Nimechoka kusifiwa pumzi ya mtu." Vasudha akakataa, kwa sababu ya watoto wale sita; hata mumewe hakumwambia. Lakini tusidanganyane, kulikuwa kunamuuma. Kila "mshika karatasi" ya Dattaram ilimchoma, na kuna siku alitamani kumrushia sufuria.

Dada Indu alilazwa mwaka wa sabini na sita, mvua zikianza. Watoto wa kaka yake walikuwa watu wazima tayari, wenye kazi zao. Alimshika Vasudha mkono akasema kwa shida, "Nikishaondoka, sema. Sasa haimdhuru mtu. Sema, hiyo ni haki yako." Baada ya siku mbili akafa, na maduka ya Girgaon yalifungwa bila mtu kuyafungisha.

Siku ya kumi na tatu ya msiba ilifanyika hafla ya kumkumbuka, asubuhi, ukumbini. Vasudha alikwenda ameshaamua. Ataimba, kisha atasema. Dattaram alikaa safu ya tatu na shati lake la kazini, na Vasudha alitaka amwone usoni wakati wa kusikia. Alikuwa ameingojea sura hiyo kwa miaka kumi na minane.

Akaimba wimbo wa bibi harusi. Akafika kwenye "leo," akaivuta, na palepale alipozoea kupokea, kifua kikawa kitupu. Hapakuwa na wa kumpokea yeye. Sauti ikakatika, fidla zikaendelea kushuka zenyewe.

Mtu akaguna nyuma. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti, kwa upole tu, hakuwa na ubaya: "Mnaona wenyewe, ndugu zangu. Hata aliyesimama naye maisha yote hawezi. Dada Indu alikuwa mmoja!" Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi, wanawake wakilia waziwazi. Mama mmoja pale mbele alikuwa amekumbatia picha ya harusi ya bintiye, aliyeolewa mbali kwa wimbo huohuo. Framroz, mkongwe sasa, alikuwa ameinamisha kichwa kwenye fimbo, akimngoja Vasudha aseme.

Vasudha akafungua mdomo. Akaona kwamba akisema, mama yule akirudi kwake hatausikia tena wimbo. Atakuwa anatafuta mshono, wapi mmoja anaishia na mwingine anaanza.

"Kweli," akasema. "Alikuwa mmoja." Akashuka.

Alilia njia nzima. Dattaram alidhani analilia aibu, akamshika kiwiko na kumwambia, "Basi, mama, basi. Ungenisikiliza usingepanda."

Kesho yake asubuhi redio ikaupiga wimbo. Vasudha alikuwa anachemsha chai. Dattaram akaongeza sauti, na "leo" ilipofika, ilipovutwa mpaka mwisho, mpaka fidla zote zikalala, mumewe akafumba macho na machozi yakamtoka.

"Hapo! Umesikia hapo, Vasu? Pale mwishoni! Ile ndiyo sauti. Mwenzangu, usijilaumu, ile nani angeiweza?"

Vasudha akamwekea chai mbele yake, akakaa. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameuona ule uso alioungoja miaka yote.

"Peke yake," akasema, "hakuna."