Kilango cha Kamera ya Shangazi Zuhura

Chumba cha Shangazi Zuhura, pale Mji wa Kale, kilinuka mafuta ya cherehani na dawa za kusafishia picha. Aliwapiga picha wanawake wasiotaka kuonwa na wanaume wa kando, na miaka ile ya vita kazi ilimwandama. Mimi, mtoto wa kike wa miaka minane, sikujua kutulia. Kila alipotoka niliiendea kamera nikabonyeza kitufe, tena na tena, ili nikione kilango cha bati ndani ya lenzi kikifunguka na kujifunga. Hewa ya chumvi ilikuwa imeshaanza kukila. Vidole vyangu vikamalizia. Siku moja kilifunguka, kisirudi. Nikakimbia, nisimwambie mtu.

Kesho yake nyanya, mamake shangazi, aliletwa amebebwa kitini. Maradhi yalikuwa yamembakisha mifupa. Ami Salim, kitinda mimba wake, alikuwa vitani Burma, na alikuwa ameandika kwamba uso wa mama yake umeanza kumtoka akilini; aletewe picha. Shangazi akabonyeza. Kimya. Akakifungua kilango juu ya sinia, akatoa skrubu ndogo kama ufuta, akasafisha springi kwa unyoya wa kuku, akakirudisha. Kikafanya kazi mara mbili, kikakwama. Springi ilikuwa imelegea, na mpya haikupatikana mjini. Mimi nilikuwa nikienda mlangoni na kurudi.

"Ni mimi, shangazi. Nilikuwa nikikichezea kila siku."

Nilingoja kofi. Yeye aliking'oa kilango chote, akaiziba lenzi kwa kifuniko cha kopo la poda.

"Keti umshikilie nyanyako dirishani hapo. Nikifunua, asitikisike mpaka nihesabu nne. Wala wewe."

Nyanya akanibana mkono. "Tulia, mjukuu wangu. Naenda kuonana na Salim."

Moja, mbili, tatu... nikageuza kichwa.

Picha ilikwenda Burma hivyo hivyo. Ami alirudi nyanya akiwa ameshazikwa, akaitoa mfukoni imechakaa kwenye mikunjo. Kila kunyanzi la uso wa mama yake lilionekana.

"Na moshi huu ubavuni mwake?" akauliza.

"Ni mimi, ami. Sikutulia."

Akanikumbatia, akalia.

Sasa wajukuu hunipiga picha kwa simu zisizokwama. Juzi walipiga thelathini kabla chai yangu haijapoa. Niliwaomba moja tu nimpelekee dada yangu Lamu. Wakabishana ipi, na mpaka leo haijaenda.