Koko Alipomwita Papa kwa Udongo na Upepo

Nilipokuwa mtoto wa kutumwatumwa, kwetu Nyalukemba, mtu akisafiri ua haukufagiwa siku hiyo. Ilikuwa sheria ya Koko, mama yake Papa. Maman, ambaye kila Jumapili alifika kanisani kabla ya kengele, aliitii huku ananung'unika. Angefanya nini? Nyumba ilikuwa ya Koko.

Siku Papa na mdogo wake, Tonton Siprien, walipoondoka kwenda Shabunda kuchimba dhahabu, mvua ilikuwa imenyesha na ua wote ulikuwa tope. Koko alingoja gari lao likate kona, akainama, akachota kwa kisu tope la unyayo mkubwa wa buti. Akalifunga kwenye jani la mgomba na kulitundika jikoni likauke. Buti zile tulizijua wote. Zilikuwa za Papa, kisigino cha kulia kimeliwa upande mmoja.

"Akichelewa tutamuita," alisema.

Akachelewa kweli. Mwanzoni alipiga simu, tena akapiga, halafu kimya. Mvua zikaisha, kiangazi kikaingia. Maman alimaliza sala za novena moja akaanza nyingine. Mimi nilikuwa sikai mahali. Lango la jirani likigonga tu, tayari nimesimama, na chakula kimebaki kwenye sahani. Niliogopa, nasema wazi, kwamba nitaanza kumsahau sura.

Ndipo Koko akanituma ziwani kuchota maji. Maji yale hayakutakiwa kuwekwa chini njiani, na aliyeyabeba hakutakiwa kusalimu mtu. Taabu gani hiyo, jamani! Panda kilima cha Nyalukemba asubuhi na ndoo kichwani bila kuitika salamu, uone. Mama wauza samaki waliniita, nikapita. "Ee, mutoto wa hapa amekuwa na kiburi!" wakapiga kelele nyuma yangu. Shingo iliniuma, machozi yalinilengalenga, lakini sikutua.

Uani Koko alikuwa amewasha mbabula, jiko letu la makaa, kwa kaa la jirani, kwa maana moto wa kiberiti, alisema, hauna kwao. Tukangoja upepo. Ulipotoka ziwani na kugeukia machweo, upande wa Shabunda, alisaga lile tope kavu ndani ya maji, akatumbukiza kaa jekundu. Mvuke ukapanda. Koko akausukuma kwa viganja viwili, polepole.

"Mwana wangu, rudi. Mwana wangu, rudi."

"Koko, mbona hutaji jina yake?"

"Jina wabaya watasikia. Udongo inajua yenyewe mutu ule ilibeba."

Maman alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, na Mungu utamwambia nini?"

"Maji aliiumba nani? Si yeye?"

Maman akafanya ishara ya msalaba. Lakini hakuingia ndani. Alisimama pale mpaka mvuke ulipokwisha. Mimi nami nilikuwa na mashaka yangu. Shuleni maître alikuwa ametufundisha kwamba maji yakipata moto yanapanda, basi, hakuna kingine. Ulimi uliniwasha kumwambia Koko. Nikanyamaza, kwa sababu nilitaka Papa arudi kuliko nilivyotaka kuonekana nina akili.

Wiki ile haikuisha. Jioni mapema niliona buti kwenye uwazi wa chini ya lango, kisigino kile kile kilicholiwa. Nikaruka nikipiga kelele, "Papa! Papa amerudi!"

Lango likafunguka. Alikuwa Tonton Siprien.

Koko hakumtazama usoni. Alitazama miguu. "Hii buti umevaa tangu lini?"

"Tangu siku tuliondoka. Sandale yangu ilikatika hapa hapa uani, grand-frère, baba yake huyu, akanipa buti yake."

Koko akaketi chini, akalia kwa sauti, akisema maneno ya Kishi, lugha ya kwao, ambayo sikuyajua. Tonton alibaki amesimama na mfuko wake begani.

"Na baba ya watoto?" Maman aliuliza.

"Iko muzima. Nilimwacha anakula vizuri. Mimi tu, roho ilinivuta. Niliamuka nasikia lazima nirudi nyumbani, bila kujua juu ya nini."

Kesho yake asubuhi nilimkuta Maman, na rozari yake shingoni, ameinama uani akipekua ardhi karibu na ukuta, chini ya kamba ya nguo, kila mahali. Alikuwa anatafuta unyayo wa Papa mwenyewe. Nikamsaidia. Tuliona nyayo zetu, za majirani, za kuku.

"Usimwambie padiri," akasema.

Baadaye habari ikafika. Homa ilimkamata Papa akiwa peke yake kibandani, na hakukuwa na mtu wa kumbeba mpaka dispensari. Walimzika huko huko. Koko hakugusa tena dawa zake za maji na moto. Alifariki akiamini kwamba yeye ndiye aliyemwondolea mwanawe mtu wa kumbeba. Maman alimwambia mara nyingi kwamba malaria haisikii upepo, tena kwa upole, lakini Koko alikuwa hasikii.

Leo mimi ni infirmière, muuguzi. Malaria naijua karibu kwa harufu. Najua pia kwamba mtu aliye Shabunda anaweza kuamka siku moja amechoka na matope, akakumbuka kwao, akafunga mfuko. Hilo halihitaji mchawi. Hata hivyo kuna siku nachemsha maji ya chai na ghafla sina raha, nazima jiko, natoka nje.

Mwaka jana nilimtembelea Tonton Siprien huko Bagira. Amezeeka, anapanda maharagwe nyuma ya nyumba. Tulizungumza mambo ya watoto, ya umeme, kisha nikashindwa kujizuia.

"Tonton, siku ile ulirudi, hakuna mutu alikuambia karibu."

Akaweka chini ungo wa maharagwe. "Nilijua hawakuniita mimi," alisema. "Lakini nilikuwa na njaa, mama. Nilikuwa nimetoka mbali."

Nikainuka, pale pale nyumbani kwake, nikamshika mikono miwili. "Karibu, Tonton. Karibu nyumbani."

Hakucheka. "Asante," akaitika. "Nimefika."