Rundo la Mawe la Mama

Kwetu, kwenye vilima vilivyo juu ya barabara ya kutoka Kibondo kwenda Mabamba, mawe hayakuwa mali ya mtu. Yalikuwa adhabu. Unapiga jembe, linalia, mpini unakutetemesha mpaka mabegani. Unainama, unalichimbua jiwe, unalitia kwenye karai, na karai likijaa unajitwika na kwenda kulimwaga pembeni mwa shamba. Mama yangu aliifanya kazi hiyo tangu kabla sijazaliwa. Baba alipomuoa, ndugu zake walikuwa wameshagawana bonde lote, wenye haraka zao, na mama akaambiwa kwamba kama anataka kulima, ule mteremko wa juu hauna mwenyewe. Haukuwa na mwenyewe kwa sababu hapakuwa na mjinga wa kuutaka. Mama akautaka.

Baba hakuchimbua hata jiwe moja. Alikuwa mtu wa kufuata vibarua vya tumbaku huko Tabora, anarudi na shati jipya na kikohozi, anaondoka tena, na safari ya mwisho alirudi kuzikwa. Shamba lilifunguliwa na mama peke yake, mgongoni nikiwa mimi. Nilipoweza kutembea nikawa nabeba mawe ya saizi yangu. Yale mawe tuliyapanga upande wa juu, makubwa chini, madogo juu, mpaka rundo likawa refu kuliko mtu mzima, na maharage yaliyoota chini yake yalikuwa yanasifiwa hadi sokoni.

Kwetu anayefungua shamba kwenye mawe hana karatasi. Rundo lake ndilo karatasi. Wazee wakiitwa kuamua ugomvi wa mpaka, kitu cha kwanza wanauliza rundo liko wapi na nani alilipanga, na hapo mara nyingi maneno yanaisha. Kila mtu analijua hilo, na mama alilijua. Ila mtu hawezi kushinda akikumbuka kila siku kwamba ugomvi utakuja, hasa kama hajagombana na mtu.

Kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena kwa ajili ya wakimbizi wa Kirundi, Kibondo ilijaa magari na wageni wenye mishahara. Kila mwenye kiwanja mjini akaanza kujenga vyumba vya kupangisha. Na sisi wa vilimani tukagundua kwamba vitu tulivyopewa bure na Mungu vina wanunuzi. Nyasi za kuezekea, mchanga wa mtoni, udongo ule mweupe ambao wajawazito wanautafuna. Mimi na mama tuliuza uyoga wa porini kando ya barabara. Wageni walikuwa wanateremsha vioo na kuuliza kama hauna sumu, mama anamega kipande na kukitafuna mbele yao, wao wanacheka na kumpiga picha. Nilikuwa kidato cha tatu wakati huo na picha zile zilinikera, lakini sabuni na daftari zilipatikana.

Jioni moja baba mdogo akaja nyumbani. Huyu ni mdogo wake baba, mwenye shamba zuri kule bondeni, mtu wa maneno laini na mwenye kofia isiyochafuka hata siku ya kulima. Akakaa kwenye kigoda, akaomba maji, akayanywa taratibu.

“Shemeji,” akasema, “yale mawe yako yanalala bure. Kuna mfanyabiashara mjini anajenga gesti, anatafuta mawe ya msingi. Nikuletee gari?”

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. “Mawe? Nani anunue mawe, shemeji?”

“Wananunua. Sasa hivi hata kivuli, kingekuwa kinabebeka, wangekipakia.”

Sijawahi kumwona mama na furaha kama ile. Kitu kilichomvunjia majembe na kumpinda mgongo ujana wake wote, leo kuna mtu atakitolea hela! Usiku ule hakunyamaza. Alikuwa anapanga bati za jikoni, ada yangu, na kiatu cha kwenda nacho kanisani. Nami nilishangilia pamoja naye, kwa nini nisishangilie? Hakuna aliyesema neno kuhusu wazee na mpaka.

Fuso ikaja na vijana wa kupakia, na mfanyabiashara mwenyewe akaja nyuma yake kwa pikipiki, mtu wa pwani kwa asili, kanzu safi, salamu ndefu. Akauliza azungumze na nani. Mama alikuwa pale pale, mikono ina vumbi la mawe yake mwenyewe. Lakini kwetu mwanamke mjane hapigi bei na wenye magari wakati shemeji yake amesimama. Ni kumvunjia heshima mwanamume, na watu watakusema. Mama akarudi nyuma hatua kidogo, akaangalia chini, akasema, “Ongea na shemeji.”

Baba mdogo akaongea. Akapandisha bei, akaishusha, wakapeana mikono. Mfanyabiashara akamhesabia noti kiganjani na kumwambia, “Haya mzee wangu, haki yako hii. Mawe yako nimeyapenda.” Baba mdogo hakumsahihisha. Gari lilipoondoka, alimkabidhi mama hela zote, hakubakiza hata ya soda. Nilimwona muungwana sana siku hiyo. Kumbe na yeye alikuwa ananunua kitu chake, na alikipata kwa bei ya bure.

Mvua zilipoanza tulimkuta shambani na vijana wake, wanapanda mihogo kuanzia upande wa juu, pale pale rundo lilipokuwa. Mama alidhani wamekosea mpaka. Baba mdogo akavua kofia kwa adabu na kusema shamba la marehemu kaka yake linarudi kwenye ukoo, ndivyo ilivyo, na kwamba mama asiwe na wasiwasi, hatalala njaa. Aliyasema hayo kwa sauti ile ile aliyoombea maji.

Mama akashtaki. Baraza la kijiji likapanda na sisi hadi shambani, wazee na mwenyekiti wao, na maneno yaliyoanza kwa Kiswahili cha ofisini yakaishia kwa Kiha, maana ndicho watu wanachokitumia wakigombana. Mama akasema shamba alilifungua yeye. Baba mdogo akasema shamba lilikuwa la baba yao mzazi, lilikwisha kulimwa zamani, huyu mwanamke alilikuta laini. Mzee mmoja akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa analingoja.

“Mama, rundo lako liko wapi?”

Palikuwa na udongo mwekundu mtupu, na miche ya mihogo imeanza kushika.

“Nimeliuza,” mama akasema.

Wakamwita mfanyabiashara. Alikuja bila kinyongo, akaapa, akasema ukweli mtupu, na ukweli wake ndio uliotumaliza. “Mimi nilinunua kwa huyu mzee. Huyu mama alikuwepo, sikatai. Lakini nilipouliza niongee na nani, yeye mwenyewe kwa mdomo wake alisema niongee na shemeji. Hela nilimpa mzee, na hakusema si zake.”

“Nilimheshimu,” mama akasema. Alilisema mara nyingi, sauti inazidi kupungua. Mwenyekiti alikuwa anaandika, sijui kama aliliandika na hilo.

Majirani walijua. Watu waliokulia mbele ya rundo lile, waliokuwa wanakaa juu yake kuota jua wakichunga mbuzi, walisimama pale wakichora chini kwa vidole vya miguu. Wengine walikuwa wa ukoo ule ule, wengine wanapakana na baba mdogo na wanamhitaji. Nikapiga kelele, nikawataja mmoja mmoja kwamba ni waongo kwa kunyamaza. Mzee mmoja akaniambia nitulie, mimi ni binti, nitaolewa, shamba la nini? Baraza likaamua ardhi ni ya ukoo na mjane atunzwe. Nalichukia neno hilo, atunzwe, mpaka leo nikilisikia redioni nazima.

Alitunzwa kwa kupewa kamstari ka mboga nyuma ya nyumba. Alivumilia misimu michache, akiangalia wenzake wanavuna juu kule, halafu nikamchukua. Mimi sasa ni fundi cherehani hapa Kasulu, nina chumba na sebule, na mama analala sebuleni kwa sababu anasema chumbani hewa ni nzito. Kibondo napita nikiwa na sababu. Ile gesti imekamilika. Msingi wake wameupaka rangi nyeusi na kuchora mistari myeupe kufuata maungio, na mwenyewe akiniona ananiita mwanangu, ananikaribisha soda. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi kwangu.

Kila mavuno baba mdogo anatuma maharage kwa basi. Mfuko umeshonwa vizuri, jina la mama limeandikwa kwa kalamu nene, na kabla basi halijafika simu inaita. Mama anasimama kuipokea, kama vile anaonekana. “Asante, shemeji. Mungu akuzidishie. Wasalimie nyumbani.” Mimi nakata kitambaa na mkasi unaniponyoka.

Mwaka huu sikuweza. Mama aliyapika na karanga, akanipakulia, nikasukuma sahani. Nikamwambia siwezi kula zawadi ya mtu yule, kila punje inanikaba, na kwamba nashangaa yeye anavyomwita Mungu kumzidishia mwizi wake. Nilisema mengi. Alinisikiliza huku anakula, bila haraka, anapuliza kijiko.

“Zawadi gani?” akaniuliza. “Mchanga ule nauonja, mwanangu, haya yameota kwangu. Yeye ananilimia tu, na hata nauli ya basi analipa.” Akaisogeza sahani yangu karibu. “Kula.”

Nikala. Mama alikuwa ameinamisha uso juu ya sahani yake, na machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye maharage, anayachota na kuyameza pamoja nayo.