Nani Ataitika

"Mutu akitupa jina yake, na mwingine akaiokota, siku ile bataita majina kule juu, nani ataitika?"

Maman aliniuliza swali hilo Jumatano moja saa kumi alasiri, mbele ya majirani kumi na wawili waliokaa katika salon, sebule ya nyumba yetu ya Muhumba, Bukavu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa tatu wa filozofia Lubumbashi, na sikumbuki kwamba wakati ule kulikuwa na swali lililonifanya ninyamaze. Kwa hiyo nilijibu.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya nyumba yetu kupokea shirika. Shirika kwetu ni kundi la nyumba chache za mtaa mmoja zinazokutana kila juma kusoma Injili, kisha kugawana kazi: nani atamtembelea mgonjwa, nani atampelekea mjane kuni, nani atakwenda maternité kuwafulia nguo akina mama waliokuja kuzaa bila ndugu mjini. Kusoma kulichukua saa nzima. Kugawana kazi kulichukua dakika tano, maana kila kazi ilipotajwa maman alikuwa amekwisha kuinua mkono.

Kiongozi wetu alikuwa fundi cherehani, mzee mwembamba aliyesahau utepe wake wa kupimia shingoni hata wakati wa sala. Alisoma habari za wale wanafunzi waliorudi kutoka kazi waliyotumwa, wamejaa furaha kwa sababu hata pepo waliwatii, na Bwana akawaambia wasifurahie hilo, bali wafurahi kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Alisoma mara tatu, kama desturi ilivyokuwa. Kisha akafunga kitabu na kunigeukia, akaniita raia kwa Kifaransa, kama serikali ilivyotuamuru tuitane.

"Leo tuko na filozofu. Citoyenne, utufasirie. Lakini polepole, siye tuliachia ku darasa ya cinquième."

"Na yeye ya cinquième aliirudilia mara mbili," mkewe akasema, na watu wakacheka.

Niliwaeleza kwamba mbinguni hakuna kitabu. Niliwaambia ni namna ya kusema tu, kwamba watu wa zamani walikuwa na wafalme, na wafalme walikuwa na orodha za raia, ndiyo maana walimfikiria Mungu akiwa na orodha. Mungu anayehitaji kuandika ili asisahau, nilisema, si Mungu, ni karani wa vitambulisho.

"Kama ni karani, tutamupa matabishi," alisema kijana mmoja aliyeegemea mlango, akisugua vidole kama anayehesabu hongo, na wakacheka tena, hata fundi.

Hapo ndipo maman, aliyekuwa amesimama karibu na pazia la jikoni na sinia ya vikombe mkononi, aliuliza swali lake. Hakuwa na mazoea ya kuuliza. Hakujua kusoma, katekisimu yote aliishika kwa sikio, na Injili vilevile, na huwezi kuuliza sana mtu anaposoma kitu ambacho wewe huwezi kurudia kukitazama.

Nilidhani nimemwelewa. Siku zile kila swali kuhusu majina lilikuwa swali kuhusu sheria. Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, yale tuliyoyaita ya kizungu. Kila raia alipaswa kubaki na jina la mababu, na padri ambaye angembatiza mtoto kwa jina la zamani angeweza kufungwa. Watu wazima walikuwa wakijisahau, wakijitaja vibaya mbele ya ofisa, wakijisahihisha kwa aibu. Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto.

"Maman, ile sheria ni ya Kinshasa. Haipandi mpaka juu. Mungu akikuita kwa jina la Kishi, la mababu, utaitika, akikuita kwa lile la ubatizo utaitika."

"Si ile minauliza."

"Sasa unauliza nini?"

Aliegemeza sinia kiunoni.

"Chai iko nachemuka," akasema, akarudi jikoni.

Watu walitabasamu. Mmoja tu hakutabasamu: jirani yetu aliyekuwa muuguzi wa maternité, mama mnene asiyependa maneno mengi. Yeye aliinama akawa anafuta udongo kwenye kiatu chake, akafuta, akaendelea kufuta kiatu ambacho kilikuwa safi tangu alipoingia.

Lazima niseme jinsi mimi mwenyewe nilivyoipokea sheria ile. Nilikuwa bado lycée, sekondari ya masista, ilipotangazwa. Wasichana wengine walilia. Mmoja wetu alitaka kuandika barua kwa Papa wa Roma. Papa wangu mimi, baba mzazi, aliyekuwa akifanya kazi ya ofisi kwenye mgodi wa dhahabu huko Kamituga na kurudi nyumbani barabara iliporuhusu, alibadilisha karatasi zake tu. Mimi nilifurahi. Tangu nikiwa mdogo sikuelewa kwa nini niitwe kwa jina la mtakatifu aliyeishi katika nchi ya theluji, na hakuna sista aliyewahi kunieleza nikatosheka. Jioni ile ile nilikata kurasa za kwanza za madaftari yangu yote kwa wembe, nikaandika upya jina la bibi yangu peke yake.

Maman alikuwa akichambua maharage kwenye lungo. Nilimwonyesha madaftari.

"Na ile ingine?" aliuliza.

"Ile siitaki tena. Mupe mutu mwingine."

"Jina si kikwembe, mwanangu, nguo ya kusema inabana."

"Basi itupe."

Aliendelea kuchambua. Lakini aliendelea pia kuniita kwa jina lile, sheria au hapana. Aliniita nalo kutoka bondeni nilipokuwa juu barabarani, kwa sauti iliyofika hadi kwa wanajeshi waliolinda barabara, nami nilikasirika kila mara. Nilipokwenda Lubumbashi alimwambia fundi aandike jina hilo kwenye barua zake kwangu, ndani kabisa, mstari wa mwisho, kana kwamba anaficha chumvi kwenye mzigo.

Kisha likizo moja, mwaka mmoja kabla ya Jumatano ile, nilirudi nyumbani na nikagundua kwamba ameacha. Aliniita kwa jina la bibi, au "mwanangu", au hakuniita kabisa, alingoja nimtazame. Nilikaa siku tatu nikisubiri ajisahau. Hakujisahau. Nilifikiri nimeshinda. Nakumbuka hata nilimwandikia rafiki yangu wa chuo kwamba mama yangu, mwanamke asiyejua kusoma, amejikomboa kabla ya baadhi ya walimu wetu.

Likizo hiyo hiyo niliona jambo jingine, na sikuliunganisha na la kwanza. Maman alikuwa mtu wa kazi siku zote, lakini sasa ilikuwa imezidi. Zamani alikwenda kwa wagonjwa Jumatano na Ijumaa. Sasa alikwenda kila siku isipokuwa Jumapili, na asubuhi za salongo, tulipolazimishwa wote kufyeka barabara, alitoka huko na jembe begani akaenda moja kwa moja maternité. Alishuka bondeni na kupanda hadi Kadutu na sufuria ya uji kichwani. Aliwafulia watu asiowajua. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu vikawa havifungi, na daktari alikuwa amemwambia kwa Kifaransa, na muuguzi jirani akamtafsiria, kwamba moyo wake umechoka na kupanda vilima kutamuua.

Baada ya Jumatano ile ya swali niliamua kumzuia kwa silaha yake mwenyewe. Sikuwa nikiamini, lakini nilijua kusoma. Nilichukua kitabu nikatafuta barua ya mtume inayosema kwamba tumeokolewa kwa neema, kwamba ni zawadi, kwamba haitoki katika matendo yetu asije mtu akajisifu. Nilimsomea akiwa ameweka miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nilimsomea mara tatu, kama katika shirika.

"Unasikia, maman? Ni ya bure. Huwezi kuilipia na uji."

"Minasikia."

"Kwa hiyo kesho utapumzika."

Alikoroga maji kwa kidole cha mguu.

"Ile zawadi bataipeleka kwa nani? Si kwa mwenye jina yake iko?"

"Tumerudi tena kwenye majina."

"Na ule mwenye yake haiko? Si lazima mutu amufanyie kazi kidogo, ju bamukumbuke?"

"Maman, jina lako liko. Kama kuna mtu Bukavu nzima ambaye jina lake liko, ni wewe. Unajiua bure."

"Haiko ju yangu minafanya," alisema.

Nilidhani anamaanisha wagonjwa. Nilimsifu hata, moyoni, kwa unyenyekevu, na papo hapo nikaudharau unyenyekevu wenyewe, maana nilikuwa nimefundishwa kuutilia shaka. Nilimwambia kwamba dini iliyomfanya mwanamke mgonjwa apande kilima kumfulia mwingine aliye mzima kuliko yeye ni dini iliyotungwa na watu wasiofua. Alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha puani.

"Utaniandikia hiyo ku barua," alisema, "fundi atanisomea."

Asubuhi alikuwa amekwenda.

Mara mbili zaidi kabla sijarudi chuoni alijaribu. Mara ya kwanza tulikuwa tukichambua dagaa, alisema, "Mwanangu, kama ungepoteza kitu kidogo, na usiitafute..." kisha mgeni akabisha hodi. Mara ya pili ilikuwa kwenye gari lililonipeleka uwanja wa ndege wa Kavumu. Alinishika kifundo cha mkono na kuniuliza kama bado nasali. Nilimwambia ukweli. Tulipofika alinifunga kikwembe chake mabegani ingawa hapakuwa na baridi.

Alikufa msimu wa mvua uliofuata, mchana, kwenye mteremko wa kutoka Kadutu, akiwa na nguo zilizofuliwa za mwanamke mwingine ndani ya beseni. Watu waliomkuta walisema beseni halikumwagika. Alikuwa ameliweka chini kwanza, akaketi kando yake.

Nilifika siku mbili baada ya mazishi. Shirika lilikuwa bado linalala kwetu katika matanga. Fundi alinieleza kwamba padri alikuwa amesoma yale maneno ya siku ya mwisho, nilikuwa na njaa mkanipa chakula, nilikuwa mgonjwa mkaja kunitazama, na kwamba kanisani kila mtu aligeuka kulitazama jeneza. Alitaka kunifariji. Nilimuuliza kama hao waliokuwa wagonjwa katika maneno yale walipona, au walikuwepo tu ili wengine wapate kuokoka kwa kuwatembelea. Aliushika utepe shingoni, kisha akasema, "Maman yako alikuwa akisema utauliza hiyo."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilishindwa na ukaidi wake. Nimefundisha, nimebishana na mapadri na wachungaji, nimewaeleza wanafunzi kurasa zile zile, neema upande huu na matendo upande ule, na mara zote nilipofika kwenye majina yaliyoandikwa mbinguni niliruka mstari. Bado siamini kwamba kuna kitabu. Sijui ningefanya nini kama kingekuwepo.

Muuguzi jirani ndiye aliyeniita kwake, baada ya miaka hiyo yote. Alikuwa amezeeka, macho yameingia ukungu, na alinitambua kwa kunishika uso. Alisema alikuwa ameahidi kunyamaza, lakini aliyeahidiwa hayupo tena na yeye mwenyewe anakaribia kuondoka, na hataki kwenda na mzigo wa watu.

Alinieleza kwamba mwaka ule kabla ya swali alikuja maternité msichana kutoka Luhwindja, peke yake, akazaa kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa anakwisha na padri alikuwa mbali. Watu wa shirika walikuwa wamefundishwa kubatiza katika hatari, na maman alikuwa amebatiza wengine kabla. Walichota maji kwa kikombe. Lakini msichana alikuwa amezimia na mtoto hakuwa amepewa jina la ukoo, na majina ya watakatifu yalikatazwa, na kulikuwa na mtu wa chama tawala kwenye chumba cha pili akingoja mkewe.

"Maman yako akaniuliza, tumuite nani? Nikasema, sijui, fanya haraka. Akasema, kuko moja haina mwenyewe."

Maman hakuweza kumwuliza padri baadaye kama alikosea, alisema muuguzi, maana padri naye angejikuta katika hatari. Aliamini kwamba jina moja ni nafasi moja mbinguni, na kwamba amempeleka mtoto wa watu kwa nafasi ya mtoto wake. Tangu siku ile, kila alipomaliza kufua au kulisha, alisema kwa sauti ndogo kwamba kazi hiyo waiweke kwa yule aliyebaki bila jina.

Nilimuuliza muuguzi kwa nini hakunieleza Jumatano ile, alipokuwa anafuta kiatu. Alisema alingoja nijibu swali lenyewe. Alifikiri kwamba mimi, niliyesoma, nitasema tu wataitika wote wawili, na mambo yaishe.

Mtoto alikuwa wa kike. Aliishi karibu saa moja, na saa ile yote maman alimpakata, akimwita kwa jina langu.