Mgonjwa Hapigiwi Kura

Mdogo wangu aliporudi kutoka machimbo ya Bugarama alikuja kukaa kwangu Tinde, ninakoshona nguo. Alikuwa amekonda, na redio ya jirani ikiwashwa aliinuka kusikiliza kama inamtaja. Bangi alianzia huko machimboni, ili ashuke shimoni bila woga. Hospitali Shinyanga walimwanzishia vidonge, sauti alizokuwa akizisikia zikapungua. Ila akivuta tu, zinarudi.

Siku moja kliniki tulimkuta dada mmoja mtafiti. Alitueleza kwamba wanatafuta namna ya kuwasaidia wanaougua akili wapunguze bangi. Wote wangeendelea na vidonge, lakini baadhi wangepata pia mazungumzo na mshauri kila wiki, na nani ayapate ingeamuliwa kwa kura. Mama, aliyekuwa amekuja kutoka Kishapu, aliniinamia akanong'ona kwa Kisukuma kwamba mgonjwa hapigiwi kura kama diwani.

Mimi hofu yangu ilikuwa nyingine. Bangi ni kesi. Mtu akishamweleza mgeni anaipata wapi na anavuta na nani, kesho si atafuatwa nyumbani? Nikamkonyeza mdogo wangu tuondoke.

Hakuinuka. Alikuwa anakitazama kinasa sauti kilichokuwa mezani.

"Hicho kinanipeleka kwa nani?" akauliza.

Mtafiti alijibu kwamba watakaosikiliza ni wenzake wa utafiti tu, si polisi, na jina lake halitatajwa.

"Na nikikataa?"

"Vidonge utapewa kama kawaida. Na hiki naweza kukizima, tukaongea hivihivi."

Akakizima. Mdogo wangu akaomba kitolewe chumbani kabisa. Mimi nilitahayari, lakini yule dada hakucheka. Alikipeleka kwa nesi, akarudi mikono mitupu. Ndipo mdogo wangu akakubali.

Kura ikamwangukia upande wa mazungumzo. Mama akasema wamemchagua kwa makusudi, wana jambo lao. Mimi nilishuku mengine: kwamba zile safari zake za kliniki kila Alhamisi zilikuwa za kwenda kununua bangi mjini. Alhamisi moja nikafunga cherehani, nikapanda basi lililofuata lake.

Nilimwona amekaa kwenye benchi nje ya kliniki. Baadaye akainuka, akatoka getini, akasimama akiangalia vijana waliokaa ng'ambo ya barabara. Mmoja akampungia mkono. Nilikwishaanza kujiandaa kumrukia, naye akageuka, akaingia ndani.

Alipotoka alinikuta nimesimama kwenye ukuta wa kliniki.

"Dada, umekuja kunipeleleza?"

Nikasema ndiyo.

"Basi ungeingia. Tulikuwa tunakuzungumzia wewe."

Njiani nikambana anieleze. Akasema mshauri alimuuliza ni wakati gani hamu ya kuvuta inamzidi. Akamjibu: ni pale anaporudi nyumbani, nikaanza kumnusa shati.

Tuliposhuka Tinde nikaenda moja kwa moja kwenye cherehani yangu.

Utafiti wao umekwisha. Mtafiti alituambia wazi kwamba bado hawajui kama njia ile inasaidia kuliko vidonge peke yake. Mdogo wangu hajaacha kabisa, ila anavuta mara chache, na redio ya jirani inawashwa yeye akiwa anakula bila kuinuka. Sasa yuko Kishapu, anamsaidia mama kulima pamba. Mama bado anasema watu wale waliondoka na kitu chetu. Nikimuuliza ni kitu gani, ananiambia nitakuja kujua. Nami, kusema kweli, huwa simbishii.