Yoramu Fundi Viatu na Tenga la Uso

Pale Cheyo, Tabora, miaka michache baada ya vita vya Hitler, alikuwapo fundi viatu mmoja jina lake Yoramu, Mmoraviani mpole, mikono yake ikinuka ngozi siku zote. Wengi wanamkumbuka kwa jicho lake moja tu, na kucheka kidogo. Ngojeni niwaambie lile la pili lilikwenda wapi.

Wakati huo padri mmoja Mkanada aliwafundisha vijana wa misheni mchezo wa kwao. Mmoja anarusha mpira mgumu kama jiwe, mwingine anaupiga kwa rungu, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa wa kuudaka. Wapinzani wao walikuwa vijana wa reli. Mwamuzi husimama nyuma ya mdakaji, aseme kama mpira umepita panapostahili. Padri akamchagua Yoramu, maana hakuwa Mkatoliki wala mtu wa reli, na viatu vya pande zote mbili alivishona sawasawa.

Siku ya kwanza mpira ulimpata begani. Siku ya pili ukampata kooni, akaishi kwa uji siku tatu. Mtu mwingine angeacha. Yoramu akarudi kibandani, akalifikiria jambo lile kifundi. Alisuka waya wa uzio, akaupa bitana ya ngozi laini, akapata kitu cha kufunika uso. Mkewe Pelagia akapasua mto wa sufi, akamshonea kizibao kinene cha kifuani. Akajifunza na kusimama kwenyewe: mikono nyuma ya mgongo, kidevu chini, macho wazi hata mpira ukimjia. Alisema ukigeuza uso, umeupa mpira sikio.

Vijana wa reli walimtania. "Fundi, kuku wa tenga hilo umewaacha wapi?"

"Si ndio hao wanakimbia uwanjani?"

Miaka miwili hakuumia tena.

Lakini nyumbani kwake palikuwa na jeraha. Mama yake Pelagia, Koleta wa Igalula, alikuwa Mkatoliki hasa, na binti yake alipofunga ndoa kwa Wamoraviani alisema hatakanyaga mlango ule. Ikapita miaka sita. Pelagia akazaa mara mbili bila mama yake. Treni ya Igalula ikiingia, aliacha alichokuwa akifanya, akasikiliza. Yoramu aliliona hilo kila siku, na hakutaka kitu duniani kama kumwona yule mama ameketi barazani kwake.

Basi Jumapili moja Koleta akaja. Mimba ya tatu ya bintiye ilikuwa imemlainisha moyo. Alishuka na kapu la karanga kichwani. Pelagia alikwenda kumpokea, akampitisha kando ya uwanja, ili aone mkwewe anavyosikilizwa na watu.

Mnaijua adabu ya ukwe. Mama mkwe akipita, mwanamume huvua alichovaa kichwani na kushusha macho. Yoramu aliwaona kupitia kwenye waya. Niliowauliza wote wanasema aliinua mkono mchezo usimame, lakini mrushaji, Masele, alikuwa ameshauachia mpira. Yoramu naye hakutaka mama yule, baada ya miaka sita, akutane kwanza na mtu aliyejifunika uso kama mwizi. Akavua lile tenga. Akainamisha macho. Mpigaji akaugusa mpira kwa ncha ya rungu, ukachepuka juu ya mdakaji, ukampata Yoramu jicho la kushoto.

Hospitalini jicho halikuokoka. Koleta alikaa barazani siku mbili, majirani wakinong'ona kwamba mguu wake ndio ulioleta balaa. Siku ya tatu aliondoka bila kuaga.

Yoramu alipopata nafuu alipanda treni kwenda Igalula. Koleta hakutoka nje. Alizungumza naye akiwa ndani, nyuma ya ukuta wa matete.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukuchukua. Pelagia siku zake zimekaribia."

"Marahaba, mwanangu."

"Ule mpira haukutumwa na mtu, mama. Nilivua mwenyewe."

Koleta akasema, "Najua ulivua mwenyewe. Ulinivulia mimi, niliyekunyima hata salamu miaka sita. Sasa nitakaaje kwenye baraza yako?"

Yoramu akamsihi sana. Akamwambia adabu yenyewe hairuhusu watazamane usoni, basi mama atatazama chini na yeye atatazama chini, na watoto watapata bibi. Alisema baadaye kwamba alimsikia akicheka kidogo mle ndani, halafu kicheko kikageuka kilio. Hakutoka. Yoramu akangoja mpaka treni ya kurudi ikapiga honi, akaondoka.

Pelagia alikuwa stesheni Tabora, tumbo mbele, akitazama mlango wa kila behewa. Yoramu akashuka. Mkewe akaangalia nyuma yake, akaangalia tena, mpaka mlango ukafungwa. Alimshika mkono upande ule asiouona, wakaenda nyumbani taratibu.

Wiki ileile alijifungua mtoto wa kike. Wakampa jina Koleta, wakatuma habari Igalula kwa kila msafiri. Bibi, somo yake, hakuja kumwona.